Zohali ni Ipi? Historia ya Majina ya Sayari katika Kiswahili cha Shule

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha msamiati wa anga huweza kujikuta katika mashaka asiyoyajua mwenzake wa hesabu. Achukue vitabu viwili vya shule, avifungue mahali palipoorodheshwa sayari, kisha aulize swali jepesi: sayari yenye pete mashuhuri inaitwaje? Si ajabu kitabu kimoja kikamjibu kuwa ni Zohali, na cha pili kikasema ni Sarateni, na kwamba Zohali ni ile sayari ya mbele yake ambayo Waingereza huiita Uranus. Akiuliza jina la sayari iliyo karibu zaidi na jua, ataambiwa hapa kuwa ni Utaridi na pale kuwa ni Zebaki. Na pale penye Zebaki, mara nyingi ataikuta Utaridi imehamishiwa ukingoni kabisa mwa orodha, ikawa ndiyo Pluto.

Imekuwa desturi kulichukulia jambo hili kuwa tofauti ya kawaida ya istilahi, mfano wa zile zilizopo baina ya vitabu vya Nairobi na vya Dar es Salaam katika masomo mengine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa sivyo. Tofauti ya istilahi hutokea pale maneno mawili yanaposhindania kitu kimoja, na muda ukaamua. Hapa neno moja limepewa vitu viwili, na kitu kilichokuwa na jina lake tangu kale kimepokonywa jina hilo. Historia ya majina yenyewe inatosha kuamua ni lipi sahihi, nayo haimhitaji mwamuzi kuwa mwanasayansi. Yamtosha kujua neno limetoka wapi na liliingia lini.

Elimu ya anga kabla ya shule

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba somo la ardhi na anga halikuletwa Afrika ya Mashariki na shule ya kikoloni. Watu wa pwani walikuwa nalo, na lugha yao imehifadhi ushahidi wa matabaka mawili.

Tabaka la kwanza ni la Kibantu. Maneno jua, mwezi, nyota na mvua ni mali ya lugha hii na ya jamaa zake wa bara. Katika tabaka hili limo jina Kilimia, yaani lile kundi la nyota ndogo lililohusishwa na kulima. Wazee waliliangalia kundi hilo likizama pamoja na jua jioni, likapotea kwa majuma kadhaa, kisha likachomoza tena alfajiri upande wa mashariki. Wakasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Methali hiyo ni somo zima la jiografia kwa ufupi. Ndani yake mna mzunguko wa mwaka, mna kupotea kwa nyota jua linapopita mbele yake, na mna uhusiano wa majira na kazi ya shamba.

Mabaharia nao walihitaji hesabu ya mwaka isiyohama na majira, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na hupungukiwa na siku yapata 11 kila unapolinganishwa na mwaka wa jua. Hivyo wakahesabu mwaka wa siku 365 ulioanzia Nairuzi, jina lenye asili ya Kiajemi na maana ya siku mpya. Mwaka huo waligawa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kuufungia. Kwa hesabu ya miongo nahodha alijua kaskazi itaanza kuvuma lini, na kusi lini. Sikukuu ya Mwaka Kogwa inayofanywa Makunduchi, Unguja, ni masalio ya hesabu hiyo. Mvuvi naye alijua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na kwamba maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Mwanafunzi wa leo hufundishwa kanuni hiyo hiyo kwa mchoro wa jua, mwezi na dunia zikiwa katika mstari mmoja.

Tabaka la pili ni la elimu ya falaki, iliyoingia kwa vitabu vya Kiarabu na kufundishwa na wanazuoni wa pwani. Elimu hii ilileta majina ya buruji kumi na mbili: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Ililetea lugha pia neno sayari, lenye asili ya kitenzi cha Kiarabu cha kwenda na kusafiri. Wayunani walikuwa wamefikiri vivyo hivyo: neno lao kwa sayari lina maana ya mtangatangaji. Nyota nyingine zilikaa mahali pake mbinguni mwaka hadi mwaka, bali hizi zilitembea baina yake.

Wasafiri hao, kwa hesabu ya kale, walikuwa saba. Kitabu kikuu cha Ptolemaios wa Aleksandria kilipofasiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9, mpangilio wake ulipokewa pamoja na mafundisho yake: Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mushtarii na Zohali, kuanzia aliye karibu hadi aliye mbali. Mpangilio wenyewe ni ushahidi. Zohali ni wa mwisho, aliyeko katika mbingu ya saba, mwenye mwendo wa pole kuliko wote. Sayari ionekanayo kwa macho ambayo huchukua muda mrefu kuliko zote kulizunguka jua, yapata miaka 29 na nusu, ni ile yenye pete.

Majina matano na maana zake

Majina haya matano hayakuingia katika Kiswahili kama mizigo iliyofungwa. Kila moja lina jamaa zake katika lugha. Zuhura linatokana na mzizi wenye maana ya kung'aa na kuchanua, na ndilo jina la wanawake wengi wa pwani na bara. Binti akiitwa Zuhura, mwenye kufahamu hukumbuka ile nyota kubwa ya alfajiri. Mushtarii maana yake ya Kiarabu ni mnunuzi, na Kiswahili kina neno mshitiri kwa maana hiyo hiyo. Zohali hulihusishwa na kitenzi chenye maana ya kujitenga na kwenda mbali, na kwa sayari iliyokuwa ya mwisho katika hesabu ya kale jina hilo lafaa. Mirihi ni ile nyekundu. Utaridi ni ile isiyoachana na jua, ambayo huonekana kwa muda mfupi tu baada ya magharibi au kabla ya macheo, nayo hulizunguka jua kwa siku 88.

Orodha hii ina sifa moja ambayo ndiyo msingi wa hoja ya makala haya: kila kilichomo kinaonekana kwa macho. Mtu asiye na chombo chochote, akisimama ufuoni Lamu au kilimani Machakos katika usiku mweupe, aweza kuziona sayari zote tano kwa nyakati zake. Jina la kale ni jina la kitu kilichoonekana.

Orodha ya lugha mbili

Shule za kisasa zilipoanza, somo la anga lilifundishwa kwa vitabu vilivyotungwa kwanza kwa Kiingereza. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilishughulikia zaidi usanifishaji wa tahajia, sarufi na vitabu vya madarasa ya chini. Istilahi za sayansi hazikuwa shughuli yake ya kwanza. Mambo yalibadilika mwaka 1967. Tanzania ilipotangaza Elimu ya Kujitegemea na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia masomo yote ya shule za msingi, ghafla palihitajika maneno ya kila somo, kuanzia usanisinuru hadi volkeno. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka huo huo, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikapata jina hilo na kazi yake kubwa mwaka 1970. Ukubwa wa kazi iliyofanywa na vyombo hivyo haukadiriki kwa urahisi, na hakuna lawama katika makala haya inayokusudia kuupunguza.

Nchini Kenya njia ilikuwa nyingine. Sayansi katika madarasa ya juu ya shule za msingi ilifundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, majina ya sayari yaliingia darasani kwa mlango wa msamiati, si wa sayansi. Mtoto alifundishwa sayari yenyewe saa tatu kwa Kiingereza, na jina lake saa tano kwa Kiswahili, mara nyingi na walimu wawili tofauti. Mwalimu wa lugha hakuwa na sababu ya kuuliza kama orodha yake inalingana na mbingu. Alitakiwa tu ilingane na kitabu, na baadaye na karatasi ya mtihani.

Katika nchi zote mbili chombo kilichotumika kilikuwa kimoja: orodha ya lugha mbili. Upande wa kushoto yamepangwa majina tisa ya Kiingereza, kwa kuwa wakati huo sayari zilihesabiwa tisa. Upande wa kulia zimeachwa nafasi tisa. Ghala la Kiswahili lilikuwa na majina matano, pamoja na la dunia yenyewe. Nafasi tatu zingebaki wazi. Inaelekea kwamba hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Orodha haipendi nafasi wazi, na anayeijaza hushawishika kuyatawanya majina aliyo nayo na kutafuta mengine ya jirani, ili kila mstari upate wake. Zohali ikasogezwa kwa Uranus. Utaridi ikapelekwa kwa Pluto. Kausi ikapewa Neptune. Mahali palipoachwa wazi na Utaridi pakajazwa kwa Zebaki, na palipoachwa na Zohali pakajazwa kwa Sarateni.

Hoja ya tarehe

Kosa hili laweza kupimwa kwa kipimo rahisi cha tarehe. Uranus ilitambuliwa kuwa sayari mwaka 1781, William Herschel alipoiona kwa darubini nchini Uingereza. Neptune iligunduliwa mwaka 1846 huko Berlin na Johann Galle, akifuata hesabu za Mfaransa Le Verrier. Pluto iligunduliwa mwaka 1930 na Clyde Tombaugh nchini Marekani. Majina Zohali na Utaridi yamo katika maandishi ya Kiarabu ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Haiwezekani jina liwe la kitu ambacho aliyelitamka hakukijua, na ambacho kilikuja kujulikana karne nyingi baada ya kufa kwake. Waarabu wenyewe, walipohitaji kuzitaja sayari tatu mpya, hawakugusa majina yao ya kale. Walichukua yale ya kimataifa wakayatamka kwa matamshi ya lugha yao.

Zebaki ina historia yake. Neno hili ni la Kiarabu pia, lakini ni jina la madini: ile metali ya majimaji itumiwayo katika vipimajoto. Kwa Kiingereza, kwa sababu za imani za Warumi na wanaalkemia wa Ulaya, metali hiyo na sayari ya kwanza zina jina moja, Mercury. Mfasiri aliyekuta neno hilo upande wa kushoto alilitafuta katika kamusi, akakuta zebaki, akaiandika. Kwa hiyo jina la Zebaki mbinguni si tafsiri ya sayari bali ni tafsiri ya bahati ya Kiingereza. Kiswahili hakikuwahi kuchanganya vitu hivyo viwili, kimechanganyishiwa.

Kausi na Sarateni ni mfano wa ujirani. Kausi ni upinde, nalo ni jina la buruji ya tisa, kundi la nyota ambazo hazitembei baina ya nyingine. Kuliita sayari ni kuuita mtaa kwa jina la mpita njia. Sarateni inaelekea kuvutwa na sauti ya Saturn, lakini masikioni mwa Mswahili yako karibu mno na Saratani, ambayo ni kaa, ni buruji ya nne, na ni jina la maradhi. Mwanafunzi hupewa neno moja kwa vitu vitatu, na hana la kumwongoza.

Pingamizi na jibu lake

Yawezekana kudai kwamba lugha ni ya wasemaji wake, na kwamba maana hubadilika bila kuomba ruhusa ya asili. Dai hili ni la haki, na mifano yake ni mingi. Ndege wa angani amempa jina lake ndege wa chuma, na hakuna aliyelalamika. Hata neno sayari limeachana na asili yake: katika Kiarabu cha leo umbo lililo karibu nalo ni jina la motokaa, ilhali Kiswahili kimebaki nalo mbinguni. Kiswahili hakina deni la kuifuata kila hatua ya Kiarabu.

Hata hivyo kuna tofauti kubwa baina ya maana iliyobadilika na maana iliyobadilishwa. Ya kwanza hutokana na vinywa vya wasemaji kwa muda mrefu, na huacha njia inayofuatika: ndege huruka, na motokaa yenye mbawa huruka. Ya pili hutokana na kalamu ya siku moja, haina njia, na huiacha maana ya zamani ikiendelea kuishi kando yake. Mzee wa falaki wa Mombasa husema Zohali akimaanisha ile yenye pete, na mjukuu wake darasani huandika Zohali akimaanisha Uranus. Mmoja wao atasahihishwa kwa wino mwekundu, na si yule aliyekosea.

Gharama ya kosa

Gharama yake ilidhihirika mwaka 2006. Mwaka huo Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliamua kwamba Pluto si sayari kamili bali ni sayari kibete. Vitabu vya Kiingereza vikaifuta Pluto, na orodha ikabaki na majina manane. Mfasiri aliyefuata orodha ile ya lugha mbili alipaswa naye kufuta mstari wa tisa, na katika mstari huo lilikuwamo jina la Utaridi. Hivyo jina lililokuwa la sayari ya kwanza, inayoonekana kwa macho tangu zama za Babeli, likawa katika hatari ya kuondolewa katika Kiswahili kwa uamuzi uliohusu kitu kingine kabisa. Wanaastronomia hawakuwa na habari ya Utaridi ya vitabu vya shule. Walioiweka mahali pasipo pake ndio walioifanya iweze kufutwa.

Gharama ya pili ni ya mtihani. Kuanzia mwaka 1985 hadi mtihani wa mwisho wa darasa la nane mwaka 2023, vizazi vya wanafunzi wa Kenya vilijua kwamba jibu sahihi ni lile la kitabu kilichoteuliwa. Mtoto aliyelipata jina kwa babu yake alijifunza kulificha. Ni vigumu kumshawishi mtoto huyo baadaye kwamba Kiswahili ni lugha ya sayansi, wakati ambapo elimu iliyokuwamo ndani yake ndiyo iliyomkosesha alama.

Uhuru angani

Kuna kisa kingine cha jina la Kiswahili na anga, nacho kinastahili kuwekwa kando ya hiki. Katika bahari ya Ngomeni, karibu na Malindi, Waitalia walisimamisha jukwaa la kurushia roketi lililoitwa San Marco, ambalo lilituma setilaiti yake ya kwanza tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Kimarekani ya kwanza kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi mwenyeji iliitwa Uhuru.

Setilaiti hiyo ilifanya kazi hadi mwaka 1973. Orodha yake ya nne, iliyotolewa mwaka 1978, ilitaja vyanzo 339 vya miali hiyo, na kila kimoja kilitambulishwa kwa tarakimu 4 na herufi U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Wanaastronomia wa Tokyo na wa Chicago wameendelea kuziandika alama hizo katika makala zao. Hakuna aliyehitaji kulitafsiri neno hilo wala kulihamisha. Lilipewa kitu kipya kisichokuwa na jina, na likashika.

Hitimisho

Visa hivi viwili vyafundisha kanuni moja. Kitu kipya chaweza kupokea neno lolote jema. Kitu cha kale kina haki ya jina lake. Kwa hiyo Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali yafaa zibaki kwa sayari tano zilizoonekana na wahenga, na Zebaki irudishwe kwenye kipimajoto. Uranusi, Neptuni na Pluto, zilizogunduliwa kwa darubini na hesabu, yafaa zitajwe kwa majina yake ya kimataifa katika matamshi ya Kiswahili. Kausi na Saratani zirudi kwenye buruji zake. Dunia liwe jina la sayari tunamoishi, na ardhi libaki kwa nchi kavu na udongo wake, kama lilivyo katika tetemeko la ardhi.

Marekebisho haya hayahitaji neno jipya hata moja. Yanahitaji mwalimu wa lugha na mwalimu wa sayansi wakae meza moja kabla orodha haijachapwa, na wamwite wa tatu, yule mzee wa falaki au nahodha ambaye bado anaijua mbingu kwa majina yake. Orodha ikishakubaliwa, kabla ya kupelekwa kwa mchapaji, ipelekwe nje usiku, isomwe jina kwa jina huku macho yakiwa juu.